Jirani wa nyuma anataka njia katikati ya shamba langu la mananasi (Kiwangwa, Bagamoyo)

MamaMananasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki tatu na najua siko peke yangu.

Nina ekari tano upande wa Kiwangwa, ndani kidogo kutoka lami ya Bagamoyo–Msata. Ni shamba la marehemu baba. Mbele limepakana na barabara ya kijiji, nyuma lilikuwepo shamba la mzee mmoja ambaye watoto wote wa kitongoji tulimwita Babu. Babu alikuwa anapita kwetu. Tangu nipate akili zangu nakijua kile kijinjia: upana wa mtu na mzigo wake kichwani, kinauzunguka mkorosho mkubwa, kinaambaa na kichuguu, kinatokea kwake. Asubuhi anapiga hodi, baba anaitikia, wanasalimiana, anapita. Sijawahi kusikia baba akisema "nimemruhusu" wala Babu akisema "ni haki yangu". Ilikuwa ujirani tu.

Babu alipofariki watoto wake wakauza. Mnunuzi ni kaka mmoja kutoka Dar, mtu mzima, mstaarabu, simsemi vibaya. Jumapili moja akaja na dalali wakanikuta napalilia. Dalali akaonyesha kwa mkono kile kijinjia na kusema, "Dada, njia si hii hapa ipo siku zote, tunaipanua kidogo tu mwenzio apitishe gari."

Hiyo "kidogo tu" ni mita nne, tena imenyooka kutoka barabarani mpaka anapotaka kujenga, inalikata shamba vipande viwili.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Kwetu mtu akija kwako kwa salamu nzuri huwezi kumkatalia usoni. Nikajibu, "Hakuna shida, tutaongea." Mimi nilimaanisha tutaongea. Wao walisikia hakuna shida.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa msibani Msata. Nimerudi jioni nakuta toyo (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) imepita na mawe ya msingi, safari kadhaa. Mistari mitatu ya mananasi imelala. Wanaolima nanasi wanajua maana yake: mche unaupanda leo, tunda unalisubiri mwaka mmoja na nusu au zaidi. Ile michanga ilikuwa na miezi kumi na moja. Nikachuchumaa nikaushika mmoja, moyo wa mche umevunjika, majani ya katikati yanachomoka mkononi kama unavuta unyasi. Nilikaa pale mpaka giza likaingia.

Nilipompigia simu kaka wa watu alishangaa kweli: "Dada, si ulisema hakuna shida?" Na ukweli ni kwamba nilisema.

Siku ya pili nikachukua kamba ya katani, mimi na mwanangu wa kidato cha pili, tukapima. Kutoka barabarani mpaka mpaka wa nyuma ni mita 184. Kwa upana wa mita nne ni kama mita za mraba 736. Tukahesabu miche iliyomo kwenye ukanda huo mmoja mmoja, mwanangu akiandika kwenye daftari la hesabu: 1,912. Hiyo ndiyo "kidogo tu" ya dalali.

Nauliza wenye uzoefu. Je, kijinjia cha Babu kinampa huyu mnunuzi haki? Nikikataa kabisa nitakuwa nimekosea sheria, au nimekosea ubinadamu? Na nikikubali, nikubali vipi ili wajukuu wangu wasije wakaambiwa "njia ipo siku zote"?

---

Kidagaa_wa_Pwani

Pole sana mamaa. Weka miiba njia nzima, mwambie apite juu kwa juu kama kunguru. Hawa wa Dar wanatununua kijanja.

---

MjumbeMstaafu

Bi MamaMananasi, pole. Mdogo wangu hapo juu, miiba usiiweke, utamgeuza mwenye shamba kuwa mshitakiwa. Nimekaa baraza la ardhi la kijiji miaka sita, si Bagamoyo lakini mkoa huu huu wa Pwani, na kesi za njia ndizo zilizotuchosha kuliko hata za mipaka. Nitasema ninayoyajua.

Kwanza tenganisha vitu vitatu ambavyo watu wanaviita "njia" kwa jina moja. Kuna hisani: nakuruhusu upite kwa sababu ni jirani yangu, na nikikuomba usipite utaacha. Kuna haki ya njia inayoambatana na shamba lenyewe: shamba likiuzwa, haki inakwenda na mnunuzi, na hata wewe ukiuza, mnunuzi wako anaikuta. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitambua haki ya namna hiyo, na haimpi anayepita umiliki wa udongo, inampa kupita tu. Halafu kuna kuuza ukanda: ardhi inatoka kwako moja kwa moja. Dalali alikuwa anaomba cha tatu kwa bei ya cha kwanza.

Kijinjia cha Babu ni kipi? Hapo ndipo kazi ilipo. Njia iliyotumika miaka mingi waziwazi, bila kuomba wala kukatazwa, si kitu cha kudharau mbele ya vyombo vya ardhi. Usijidanganye kwamba kwa kuwa hakuna karatasi basi hakuna kitu. Lakini hata ikikubalika kwamba ipo, ilikuwa njia ya mguu. Mtu aliyezoea kupita na mzigo kichwani hawezi kurithisha njia ya fuso. Shikilia hapo.

Kuhusu vyombo. Anzeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, halafu baraza la ardhi la kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji lina wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kusuluhisha, halimlazimishi mtu. Ikishindikana mnakwenda baraza la kata. Wengi bado wanadhani kata inahukumu. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata linapatanisha tu. Likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa, na kwa hati hiyo ndipo unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda wilaya hata bila hati hiyo. Ila nakuomba kama dada yangu, msifike huko. Nimeona watu wameuza shamba lenyewe kulipia nauli za kesi ya njia.

Swali langu kwako: shamba liko kwa jina la nani? Umesema la marehemu baba. Mirathi imefungwa? Kama mko ndugu watatu na wewe ndiye unayelima tu, saini yako peke yako haitoshi, na ndugu mmoja akikasirika baadaye ataivuruga njia na udugu pamoja.

---

ShambaLaNyuma

Naomba na mimi nisikike, kwa sababu mimi ni huyo kaka wa Dar. Si wa Kiwangwa, ni wa sehemu nyingine hapo hapo Bagamoyo, lakini hadithi ni moja.

Nilinunua ekari mbili kwa akiba ya miaka tisa. Siku ya kuonyeshwa tulipita njia pana, safi, dalali anasema hii ni barabara. Sikuuliza ni ya nani. Mkataba tuliandika mbele ya mashahidi, mipaka minne ikatajwa, njia haikutajwa hata neno moja. Nimekuja kugundua ile "barabara" ni uwanja wa mama mmoja wa Kikwere ambaye alikuwa anaanikia muhogo. Msimu wa masika akazungushia fito. Mimi ndani nina nyumba ya vyumba viwili na mke mjamzito.

Mama yule sikwenda kumdai. Nilikwenda na mtani wake, mzee wa Kizaramo jirani yetu, tukakaa mkekani. Jambo lililomuumiza si ardhi. Alisema, "Umepita mlangoni kwangu miezi minne na salamu yako nimeisikia mara mbili." Nilishindwa kumtazama usoni. Siku hizi hata nikiwa na gari nasimama.

Kwa hiyo dada, inawezekana jirani yako naye kauziwa maneno. Muulize mkataba wake unasema nini kuhusu njia. Na wanaotaka kununua mashamba ya nyuma wanaosoma hapa: msilipe hata shilingi kabla mwenye shamba la mbele hajaitwa akasema kwa kinywa chake njia ipo au haipo.

---

MamaMananasi

Asante sana MjumbeMstaafu, na ShambaLaNyuma umenigusa. Kidagaa, miiba hapana ndugu yangu, mtu mwenyewe hajawa adui.

Mirathi: tulifungua na ilishafungwa, tuko watatu. Ekari hizi tano ziliangukia kwangu na mdogo wangu wa kiume aliyeko Tanga, kaka yetu mkubwa alichukua nyumba. Kwa hiyo kweli nilikuwa natoa ahadi kwa kitu ambacho nusu yake si yangu. Nimempigia mdogo wangu jana usiku. Alikaa kimya, halafu akaniuliza, "Bibi Mwajuma umemuuliza?" Bibi huyu (jina nimelibadilisha) ndiye mtu mzima kuliko wote kitongojini. Sikuwa nimemuuliza. Kesho naenda.

---

Chungwa_Muheza

Nawasalimu kutoka Muheza. Sisi huku machungwa yakiiva kila mtu anataka lori lifike mtini, kwa hiyo njia za mashambani ndiyo mazungumzo yetu ya kila msimu. Naongeza mambo mawili ambayo sheria haiyasemi.

La kwanza ni maji. Dada, tazama shamba lako linainamia wapi. Njia ya gari iliyonyooka kufuata mteremko ni mfereji. Mwaka wa kwanza utaona mistari miwili ya matairi, mwaka wa pili masika yanapita humo humo, mwaka wa tatu una korongo. Marehemu mjomba alitoa njia ya kenta katikati ya michungwa, sasa pana shimo linalomficha mtu amesimama, na michungwa ya pembeni mizizi iko nje. Na dereva akikuta pamebomoka hatengenezi, anahamia pembeni, anakanyaga mstari mwingine. Njia ya mita tatu inakuwa mita saba na hakuna aliyekaa kikao kuiongeza. Kwa hiyo mkikubaliana, andikeni nani anachimba mitaro ya kutoa maji pembeni, nani anajaza mashimo, na lini. Sisi tunasema kabla ya masika na kabla ya vuli. Mwenye gari ndiye mwenye jembe.

La pili ni kitakachopita. Ukiandika "njia" bila kusema ya nini, siku moja utaamka ukute ng'ombe. Pwani mnazijua vurugu za mifugo na mashamba kuliko sisi. Mnanasi una miiba lakini haumzuii ng'ombe mwenye kiu kupita juu yake. Andikeni watu, pikipiki, toyo, gari dogo. Lori la kujengea lipite kwa taarifa, wakati wa kiangazi tu, udongo ukiwa mgumu.

---

Kidagaa_wa_Pwani

Nimeelewa wakuu, niliongea kwa hasira. Lakini pesa je? Atoe shilingi ngapi? Kupita bure kila siku haiwezekani.

---

MjumbeMstaafu

Kidagaa swali zuri, na hapa watu wengi wanajichanganya. Pesa ya mazao yaliyoharibika ni fidia, hiyo adai bila aibu. Bwana au bibi shamba wa kata anaweza kuja kuhesabu miche na umri wake, akaandika. Pesa ya kupita ni jambo jingine. Ukipokea donge nono mara moja bila karatasi, kesho atasema amenunua. Kama mnataka malipo, yaandikwe kwamba ni ya kutumia njia, si ya ardhi, na mita zitajwe. Mimi binafsi nimependa zaidi makubaliano ambayo mpitaji analipa kwa matunzo: mitaro, kifusi, kutunza mpaka.

Jambo lingine. Kabla ya yote nendeni mkaangalie kama kijiji chenu kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, au eneo limeshapimwa. Wakati mwingine njia imeshachorwa kwenye ramani na hakuna aliyewahi kuifungua. Uliza kwa mtendaji wa kijiji, halafu ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya. Mnaweza kugombana mwezi mzima kuhusu njia ya katikati kumbe barabara iko upande wa pili.

---

MamaMananasi

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya wa siku kumi na mbili. Naandika yote.

Kwa Bibi Mwajuma nilikwenda asubuhi. Nimempa shikamoo, ameniitikia marahaba, akaniuliza habari za mmoja mmoja nyumbani mpaka tukafika kwa wafu. Nilipomweleza habari ya njia hakujibu. Akachukua mkongojo wake akasema, "Twende." Mama huyu magoti yanamsumbua, tumetembea nusu saa mwendo wa dakika kumi.

Hakwenda kwenye kijinjia cha Babu. Alipita moja kwa moja mpaka mpakani upande wa kusini, chini ya mikorosho ambayo baba aliipanda kwa mstari. Mimi pale naokota korosho tu, mananasi sijapanda kwa sababu ya kivuli. Akasimama akapiga chini kwa mkongojo mara mbili. "Hii ndiyo njia. Tulikuwa tunakwenda kisimani. Babu wenu huyu alianza kukatiza katikati kisima kilipokauka, na baba yako akamwachia kwa sababu ya mguu wake, alikuwa anachechemea." Nikaangalia chini. Ukishaonyeshwa, unaiona: udongo umebonyea kidogo, mrefu mpaka nyuma kabisa, majani yameota lakini mti hakuna hata mmoja. Baba alipopanda mikorosho alipanda kando yake. Miaka yote nimeokota korosho juu ya njia bila kujua ni njia.

Kwa hiyo kijinjia cha katikati kilikuwa huruma ya baba yangu kwa mtu mwenye mguu mbovu. Niliposikia hivyo nililia, sitaficha.

Kwa mtendaji nilipita pia. Shamba letu halimo kwenye upimaji na hakuna njia iliyochorwa upande wowote.

Jirani alikuja na mke wake. Nilimuomba mwenyekiti wa kitongoji, wajumbe wawili wa baraza la ardhi la kijiji, na Bibi tukamletea kiti. Mdogo wangu alikuja na basi kutoka Tanga. Tulianza kwa kutembea, hatukuanza kwa kukaa, na nadhani hilo ndilo lililosaidia kuliko maneno yote. Jirani alipoiona mistari iliyolala, mchana, akiwa na mke wake, alisimama. Mke wake ndiye aliyeinama akashika mche akauliza, "Hii inachukua muda gani?" Nikamwambia. Akamgeukia mumewe, hakusema kitu.

Kuhusu mkataba wake, ShambaLaNyuma ulisema kweli: mipaka minne, njia hakuna. Dalali simu yake haipatikani tena.

Tuliyoyaandika ni haya. Anapita kusini, kandokando ya mikorosho, upana mita mbili na nusu, tumepima kwa kamba mbele ya wote. Kwangu ni kama mita za mraba 460, kidogo zaidi ya sehemu ya tisa ya ekari, na hakuna hata mche mmoja wa nanasi unaoguswa. Yeye anazunguka ndani ya shamba lake mwenyewe kama hatua sabini kufika anapojenga. Hilo lilimuuma mwanzoni, mwenyekiti akamwambia bora kuzunguka kwako kuliko kukatiza kwa mwenzio. Tumeandika kwamba ni kupita, ardhi inabaki yetu. Watu, pikipiki, toyo na gari dogo. Lori kwa taarifa ya siku tatu, kiangazi tu. Mifugo hapana. Mitaro na kujaza mashimo ni juu yake kabla ya masika na kabla ya vuli (asante Chungwa_Muheza, niliwasomea maneno yako kwenye simu, Bibi akasema huyo mtu kalima kweli). Akiuza, mnunuzi aletwe kwetu kwanza asomewe karatasi. Kijinjia cha katikati kimefungwa kwa ridhaa ya wote.

Fidia bibi shamba wa kata alihesabu miche 243 iliyokufa. Jirani aliuliza kama anaweza kulipa kwa machipukizi na vibarua wa kupanda badala ya pesa taslimu. Nikakubali, kwa sababu pesa ningeila na shamba lingebaki na pengo. Karatasi ziko nne: yake, yetu, ya serikali ya kijiji, na moja anayo mdogo wangu Tanga. Saini zetu wote, muhuri wa kijiji, na dole gumba la Bibi.

Jambo moja sikulipata. Nilitaka iandikwe kwamba makubaliano yatapitiwa upya kila baada ya miaka mitano. Jirani alikataa, akasema hawezi kujenga nyumba ya kudumu kwenye njia ya miaka mitano. Tulibishana karibu saa nzima. Mwisho mdogo wangu akaniambia kando, "Dada, ungekuwa wewe ungejenga?" Nikaliacha.

---

ShambaLaNyuma

Hongera sana dada. Naomba kuuliza, mpaka wa njia na shamba mmeuwekaje? Sisi tuliweka vigingi vya mbao, mchwa wakamaliza ndani ya mwaka.

---

MamaMananasi

Sisi tunapanda miti ya mibono kaburi, kila hatua tatu, pande zote mbili. Vijiti vya kupanda Bibi katoa kwenye ua wake, amesema vinashika hata ukivichomeka kichwa chini. Jirani na mke wake wanakuja Jumamosi tupande pamoja kabla mvua za vuli hazijachanganya. Mwanangu ameshaweka alama za kuchimbia mashimo, 61 kila upande.